Mtoto Mwenye Kisukari Siku ya Michezo

Miongoni mwa maradhi yawapatayo watoto, kisukari kina ila moja isiyoandikwa katika cheti cha hospitali, nayo ni kumtenga mtoto na wenzake. Mzazi akishaelezwa kwamba mwanawe atadungwa sindano ya insulini kila siku ya maisha yake, jambo la kwanza alifanyalo, tena kwa mapenzi, ni kumwekea mipaka. Asikimbie. Asiogelee. Asicheze mpira. Asiende mbali na nyumba. Sikukuu ikifika na watoto wa jirani wakatoka na nguo zao mpya, yeye huketi barazani akiisikia ngoma kwa mbali. Madaktari na wauguzi wa siku hizi hawaiafiki desturi hiyo. Mazoezi humfaa mtoto mwenye kisukari kama yamfaavyo mtoto mwingine yeyote, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huitumia sukari iliyomo katika damu. Linalotakiwa ni matayarisho, na matayarisho yenyewe huanza asubuhi kabla ya sindano, wala si uwanjani.

Lobule ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Eneo hilo la wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, li karibu na mpaka wa Kongo, na tangu mwaka 2013 lina makazi ya wakimbizi waliovuka kutoka upande huo. Wenyeji wake ni Wakakwa, na penye gulio husikika Kikakwa, Kilugbara, Kilingala na Kiswahili. Hapana huko bustani za michezo zenye mashine za kuwarusha watu angani. Upo mpira wa miguu katika vumbi, ipo ngoma na kwaya, ipo safari ya bodaboda kwenda Koboko mjini, na yapo matembezi marefu ya miguu ya kuwaamkia jamaa. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, shule zikiwa zimefungwa, ndicho kipindi cha shangwe hizo. Ndicho pia kipindi cha joto kali, na joto lina neno lake na insulini, kama itakavyoonekana.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja. Kisukari kinachozungumzwa hapa ni kile cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani. Kinga ya mwili hugeuka na kuziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na bila insulini sukari haiwezi kuingia vizuri katika chembe za mwili ikafanya kazi yake. Hakiletwi na kula sukari nyingi, wala na kijicho cha jirani, wala na kosa la mama alipokuwa mja mzito. Kabla ya insulini kupatikana, mtoto aliyeshikwa na ugonjwa huu hakuwa na matumaini. Wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, katika mji wa Toronto huko Kanada, mwezi wa Januari 1922. Tangu hapo maelfu kwa maelfu wamekua, wameoa, wameolewa na kuzeeka. Shirika la Afya Duniani limeiweka insulini katika orodha yake ya dawa za lazima tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Hakuna mti wala mzizi unaoweza kushika nafasi yake, na mzazi anayesimamisha sindano ili ajaribu dawa nyingine huhatarisha uhai wa mwanawe katika muda wa siku chache.

Katika nchi zenye fedha, watoto wengi wenye ugonjwa huu sasa hawadungwi mara kwa mara, bali huvaa pampu. Chombo hicho cha kwanza, kilichobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na daktari wa Kimarekani Arnold Kadish, kilikuwa kikubwa kama shanta la mgongoni, na hapana mtoto ambaye angekwenda nacho kucheza. Za leo hutoshea katika kiganja. Hufungwa kiunoni, na mpira mwembamba huipeleka dawa chini ya ngozi kidogo kidogo, usiku na mchana. Mvaaji akitaka kula hubonyeza na kuongeza kiasi. Akitaka kukimbia hupunguza, au huizima kwa muda.

Familia zenye pampu nazo zina mashaka yao siku ya sikukuu. Wazazi wa Kiafrika ya Mashariki wanaoishi katika Ghuba hupelekwa na watoto wao, wapende wasipende, kwenye bustani kama ile ya Ferrari World ya Abu Dhabi, ambako tangu mwaka 2010 kuna kigari cha reli kiitwacho Formula Rossa kinachofika mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Je, mtoto apande na pampu yake? Baadhi ya watengenezaji wa pampu hushauri ivuliwe kabla ya kupanda mashine za kasi na za kuporomoka, kwa sababu mabadiliko ya ghafula yaweza kuvuruga mwendo wa dawa katika mpira, na kwa sababu baadhi ya mashine hizo husukumwa au hufungwa breki kwa sumaku zenye nguvu. Zaidi ya hayo, chombo chenye thamani kikichomoka kiunoni huko juu hakipatikani tena.

Hapo ndipo busara ya mzazi inapohitajika. Kigari huzunguka kwa muda mfupi tu, lakini foleni yaweza kuchukua saa nzima. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake, isiyokaa mwilini kwa muda mrefu. Anayeivua mwanzoni mwa foleni, akapanda, akasahau, akaingia foleni ya pili, baada ya saa chache huwa hana dawa mwilini. Sukari hupanda na damu huanza kuingiwa na tindikali. Kwa hiyo huvuliwa langoni, dakika ya mwisho, akakabidhiwa mtu mzima aliyebaki chini kivulini, na hurudishwa mtoto anaposhuka. Si jambo gumu. Lahitaji mtu mmoja asiyependa kupanda vigari, na katika kila ukoo huyo hakosekani.

Mama wa Lobule atauliza haya yanamhusu nini, naye hana pampu wala tamaa ya kuipata. Yanamhusu kwa tofauti iliyopo. Insulini ya pampu huweza kuzuiwa mchezo ukianza. Insulini ya sindano ikishaingia haitoki. Watoto wengi wa vijijini hupewa dawa iliyochanganywa, yaani sehemu ya haraka na sehemu ya polepole katika kichupa kimoja, mara mbili kwa siku. Dozi iliyodungwa saa moja asubuhi huendelea kufanya kazi saa sita mchana, mtoto akiwa darasani, au akiwa uwanjani akimfukuza mwenziwe mwenye mpira. Haijui kwamba leo ni sikukuu. Haijui kwamba chakula cha mchana kimechelewa kwa sababu wageni hawajafika. Itaishusha sukari tu, na miguu inayokimbia itaishusha zaidi.

Ndiyo sababu matayarisho ni ya asubuhi. Siku ya mchezo mkubwa, dozi yaweza kupunguzwa, lakini kiasi cha kupunguza hukubaliwa na daktari au muuguzi mapema, siku ya kuchukua dawa, na kuandikwa katika daftari la mtoto. Mzazi asikisie peke yake, na kamwe asiiache dozi yote kwa hoja kwamba mtoto atakimbia. Sindano ya asubuhi hiyo idungwe tumboni, isidungwe pajani, kwa kuwa damu hupita kwa wingi katika paja la mkimbiaji na kuichukua dawa upesi kuliko ilivyotarajiwa. Kisha mtoto ale. Uji na kiazi kitamu, au ugali wa muhogo na maharage uliobaki jana, vyatosha. Awe ameshiba chakula cha kukaa tumboni. Baada ya nusu saa au saa nzima ya kukimbia apewe tena kitu, ndizi moja au kipande cha muhogo, hata kama wenzake hawali.

Katika hilo la kula, haitakuwa haki kuzungumza kana kwamba kila jiko lina akiba. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilisimamisha posho ya wakimbizi wapatao milioni moja katika Uganda kwa ukosefu wa fedha. Kwa mtoto mwenye kisukari, chakula kilichopungua nyumbani ni nusu ya dawa iliyopungua. Mlo usipokuwapo, dozi ileile iliyomfaa mwezi uliopita humwangusha mwezi huu. Mama mwenye shida hiyo asione haya kumwambia muuguzi waziwazi kwamba mtoto hupata mlo mmoja kwa siku. Wengi hulificha jambo hilo kwa kujistahi, na muuguzi huandika dozi ya mtoto mwenye milo mitatu. Hakuna siri ya nyumba iliyo na hatari kama hiyo.

Kipimo cha sukari kikiwapo, mtoto apimwe kabla ya mchezo. Akiwa chini ya miligramu 90 kwa desilita, ambazo ni milimoli 5 kwa lita, ale kwanza na asubiri. Akiwa kati ya hapo na 250 hivi, aende akacheze. Akizidi 250, yaani milimoli 14, naye anatapika, ana kiu isiyokatika, anakojoa mno, au pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva, huyo si wa kucheza bali ni wa hospitali siku hiyohiyo, hata kama watu wanasema ni malaria. Vijiti vya kupimia vina gharama na haviko kila mara. Ikiwa vimebaki vichache, kimoja kitumike kabla ya mchezo na kimoja kabla ya kulala. Hizo ndizo saa mbili ambazo kukisia kuna hatari zaidi.

Mfukoni mwa mtoto, au katika kifuko kidogo cha plastiki kilichofungwa kiunoni palepale ambapo wengine huvaa pampu, iwekwe sukari. Vijiko vitatu au vinne vya chai vyatosha kwa mara moja. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70, dalili huja upesi: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafula, moyo kwenda mbio, maneno yasiyoeleweka, hasira bila sababu. Papo hapo aache kucheza, ailambe sukari ile au ainywe katika maji. Nusu ya chupa ya soda yenye sukari hufanya kazi ileile. Soda isiyo na sukari haisaidii hata kidogo, na karanga, ingawa ni chakula kizuri, hazifai hapa kwa kuwa mafuta yake huichelewesha sukari. Baada ya dakika 15, kama bado anatetemeka, arudie. Akishatulia ale chakula kamili, ndipo aruhusiwe kurudi uwanjani.

Ugumu ni huu, kwamba dalili hizo hufanana sana na dalili za furaha na hofu. Mtoto aliyetoka kwenye kigari cha Abu Dhabi hutetemeka, hutokwa na jasho na moyo humwenda mbio. Ndivyo alivyo pia mlinda lango aliyetoka kuzuia penalti mbele ya kijiji kizima. Msisimko huo hutoa mwilini adrenalini, ambayo kwanza huipandisha sukari, kisha, mchezo ukiendelea, sukari hushuka. Kwa hiyo mtoto mwenyewe huweza kudanganyika. Hujiambia, “Ni hofu tu,” kumbe ni sukari inayokwisha. Mwenye kipimo apime. Asiye na kipimo achukulie kwamba sukari imeshuka, ale, kwa maana sukari iliyopanda kidogo kwa saa moja hurekebishika, ilhali iliyoshuka mno huweza kumzimisha mtoto katika muda mfupi.

Akizimia, asimwagiwe maji mdomoni, wala chai, wala soda, vitaingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu. Mahali pasipo na dawa nyingine, asali kidogo au sukari iliyoloweshwa hupakwa ndani ya shavu, huku usafiri wa kwenda kituo cha afya ukitafutwa. Kupaka huko si badala ya kwenda. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtoto wa namna hii hudhaniwa kuwa amepandwa na pepo au ana degedege la malaria, na saa muhimu hupotea watu wakibishana. Ndiyo sababu siri ya ugonjwa haina nafasi uwanjani. Mwalimu wa michezo ajue. Kiongozi wa kwaya ajue. Rafiki mmoja wa rika lake ajue sukari imewekwa mfuko gani na itumiweje, na aghalabu rafiki huyo huwa mwepesi kuliko watu wazima. Hata dereva wa bodaboda anayempeleka mjini aambiwe, kwa kuwa mtoto aliyelegea juu ya pikipiki iendayo huanguka kabla ya yeyote kujua ana nini. Akiwa peke yake, asipande nyuma. Akae katikati, kati ya dereva na mtu mzima, au safari isubiri.

Lililobaki ni joto. Kichupa kisichofunguliwa huhifadhiwa mahali pa baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kisigandishwe kamwe. Familia isiyo na jokofu hukata tamaa hapo. Lakini mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliotokana na hali ya joto ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, katika kambi za Dadaab nchini Kenya. Insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililokuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilionekana kuwa na nguvu sawa na ile iliyotunzwa katika baridi. Habari hiyo iliwafungulia wengi njia ya kujidunga nyumbani badala ya kutembea kila siku hadi kituoni.

Hata hivyo, nyuzi 37 si ruhusa ya kusahau. Chombo kizuri ni chungu ndani ya chungu. Cha nje kiwe kikubwa, cha ndani kidogo, katikati mchanga unaoloweshwa maji asubuhi na jioni, na juu kitambaa kibichi. Kichupa hutiwa katika kopo lenye kifuniko ili kisilowe, kikawekwa ndani. Vyungu hivyo huwekwa kivulini penye upepo. Hewa kavu ya kiangazi cha Lobule huyakausha maji upesi na kuchukua joto pamoja nayo, hivyo chungu hupoa vizuri zaidi katika miezi ileile ambayo dawa huhitaji ubaridi zaidi. Wakati wa mvua nafuu yake hupungua. Siku ya safari, kichupa kifungwe katika kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa kubeba begani. Kisiwekwe chini ya kiti cha pikipiki, ambapo injini hupika kila kitu, wala kisigusishwe barafu. Dawa inayopaswa kuwa safi kama maji ikionekana na ukungu, au ile ya rangi ya maziwa ikifanya madonge yasiyoyeyuka kwa kuviringishwa taratibu kiganjani, itupwe.

Kuhusu kuipata dawa yenyewe, hospitali ya rufaa ya upande huo wote ni ile ya Arua, na Koboko mjini ni karibu zaidi. Wazazi na waulize pia habari ya mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009 kuwapatia watoto insulini na vipimo bila malipo, ambao Uganda ni miongoni mwa nchi zake.

Usiku wa siku ya michezo haufanani na usiku mwingine. Misuli iliyochoka huendelea kuivuta sukari kutoka katika damu kwa saa nyingi baada ya mpira kuwekwa pembeni, pengine mpaka siku ya pili, na mtoto aliyecheza vizuri saa kumi jioni huweza kushuka saa nane za usiku akiwa usingizini. Kabla ya kulala apimwe, na ale kitu cha kukaa tumboni, kama vile muhogo na maziwa. Katikati ya usiku mtu mmoja aamke, amguse shingo. Ikiwa kavu na pumzi yake ni tulivu, aachwe alale. Ikiwa imelowa jasho ilhali usiku ni wa baridi, aamshwe aketi, apewe maji ya sukari yaliyokwisha kukorogwa na kufunikwa kando ya kitanda tangu jioni.